Kitabu cha Nyuki Kisicho na Nyuki

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Tukuyu haijui kunyesha kwa kiasi.

Habari nzito imenifikia saa ya chai, kwa njia ya kawaida, yaani kupitia kwa Mwalimu Ikupa. Mwenye nyumba wa Doreen anakitaka chumba chake. Mwanawe anarudi kutoka Mbeya, na mke juu. Doreen, muuguzi wetu wa kituo cha afya, amepewa hadi mwisho wa wiki ijayo awe ameondoka. Ana binamu Kiwira mwenye nafasi. Akihamia Kiwira, atakuwa mtu wa kushuka kwenye gari asubuhi na kupanda gari jioni. Hatapita tena mbele ya dirisha langu akigonga kioo kwa ncha ya mwavuli. Mwavuli ni wangu. Aliuazima mwaka jana. Sitaki aurudishe.

Mimi ninaishi katika nyumba ya walimu yenye vyumba viwili. Kimoja kitupu. Jambo la busara lingekuwa kumwambia: kuna chumba, karibu. Nimelitafakari na kuliona lina kasoro. Nikisema chumba, atasikia chumba. Nami sizungumzii chumba tu. Nadhani. Nina shahada ya fasihi, nasahihisha insha za watu kila siku, na nimeshindwa kuunda sentensi moja yenye kiima na kiarifu.

Kwa hiyo: mpango!

Chini ya kitanda changu kuna boksi la Haruka, mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyefundisha hesabu hapa kwetu kisha akarudi kwao. Ndani yake kuna vitabu vya katuni vya huko, manga, vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza. Alivinunua ili ajinoe lugha. Hadithi ni moja katika juzuu kadhaa. Wanawake wawili wazima, mmoja mwoka mikate, mwingine karani wa stesheni ya treni, wanapendana. Hakuna anayekufa. Hakuna anayeadhibiwa. Wanachemsha chai, wanakosana kwa sababu ya friji, wanapatana. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kimya mpaka maharage yakaungua. Fasihi niliyosomeshwa haikuwahi kunikutanisha na watu wawili wa namna hiyo. Au ilinikutanisha nao na sikuwatambua. Sina hakika.

Nitamwazima Doreen juzuu ya kwanza. Inaanzia stesheni, mvua ikinyesha: mwoka mikate anampa mwavuli mwanamke asiyemjua. Inaishia kwenye vikombe viwili juu ya rafu moja. Mwenye akili ataelewa. Nitakuwa sijasema neno. Na kitabu kikikataliwa, kinarudishwa tu, hakuna aliyefedheheka.

Tatizo ni jalada. Wanawake wawili wameshikana mikono, nyuso karibu. Si picha ya kupita nayo mbele ya ofisi ya walimu. Nimekipiga kava kwa kalenda ya kanisa ya mwaka juzi, upande mweupe nje, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Ukurasa wa pembeni, wenye maandishi makubwa makubwa ya Kiingereza, nimeubandika kwenye kava kwa gundi ya uji wa ngano ili lisichezecheze. Mbele nimeandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni: UFUGAJI BORA WA NYUKI. Mada ambayo hakuna atakayetamani kuiazima.

Nimekiweka mezani nikakitazama kwa mbali. Kazi safi!

Jumanne, 4 Machi

Nimemkabidhi, kwenye baraza la kituo cha afya. Nilikuwa nimeandaa maneno ya utangulizi. Yakapotea. Nikamwambia tu asome polepole na asihukumu kabla ya kufika mwisho. Doreen akasoma lebo, akanitazama, akauliza kwa sauti ile wanayoitumia kwa wagonjwa kama niko salama. Nikasema ndani mna mengi kuliko nyuki. Akasema hilo anaweza kuliamini.

Hapo ndipo Ikupa alipotokea dirisha la dawa.

Nieleze jambo nililopaswa kulikumbuka jana. Mwalimu Ikupa, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mwalimu wa Jiografia, mzaliwa wa Kisiba, ndiye katibu wa kikundi cha akina mama cha huko kwao. Kikundi hicho hakifugi kuku. Hakifugi sungura. Nimeishi naye jirani miaka minne na nimekula asali yake!

Akataka kujua, da Mode, ndivyo anavyolifupisha jina langu, tangu lini? Wewe unayempisha nzi mlangoni? Nikajibu kwamba nyuki ni shauku yangu ya zamani. Akasema nina roho mbaya, kumficha mwenzangu shauku nzima. Akanyoosha mkono kukichukua. Doreen akakitia kwenye mkoba wake kabla mkono haujafika. Akasema foleni ni foleni, hata dirisha la dawa linajua.

Nimerudi nyumbani na furaha ambayo sidhani ninaistahili.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Siku mbili na hakuna dalili yoyote. Nikaamua kuumwa kichwa.

Mpango ulikuwa kuusoma uso wake akiwa kazini, pasipo yeye kujua anasomwa. Haukwenda nilivyotaka. Alinitoboa kidole. Malaria hakuna. Akanipima presha, ikawa juu. Akauliza ni nini kinachonisumbua. Nikasema mitihani ya taifa ya kidato cha nne. Akanikumbusha kwamba mitihani hiyo ni Novemba.

Kitabu akakitaja mwenyewe, akinifunga pamba kidoleni. Anakipenda, alisema, michoro yake inatuliza. Ila kinamchosha kidogo: humo watu wanajibu kabla hawajaulizwa, na mtu analia kwanza ndipo anakuja kuudhiwa. Nikafurahi mno. Nikamweleza kwamba waandishi wa kisasa huuvunja wakati kwa makusudi. Akasema basi wameuvunja kwelikweli.

Amenipa panadoli. Nimezimeza kwa heshima yake.

Jioni Ikupa kagonga hodi na habari kwamba ameniingiza kwenye ratiba. Jumamosi ni Siku ya Wanawake. Kikundi chake kinaadhimisha Kisiba. Mtoa mada: Mwalimu Modesta, yaani mimi, mtaalamu wa nyuki. Nikasema kitabu kimeazimwa, sina marejeo. Akasema mtaalamu gani wa kubeba marejeo, na kwamba akina mama wameshaanza kuchangishana ndizi.

Jumamosi, 8 Machi

Kisiba. Mvua ilitupisha kidogo. Hema, vitenge vya sare, spika moja inayokoroma. Doreen alikuwepo, mezani pembeni, akiwapima watu presha. Alipoona mtoa mada anayepanda ni mimi akaacha kupima.

Nilijua mambo mawili tu kuhusu nyuki: wanauma, na wanaofanya kazi wote ni wa kike. Nikaanza na la pili. Nikasema mzinga ni nyumba ya wanawake wanaoishi pamoja, wakitafuta pamoja na kula pamoja, na hakuna anayewauliza kwa nini. Nikaona vichwa vinaitikia. Nikakolea. Nikasema kujenga mzinga si kugongomea mbao. Ni kumwandalia mtu nafasi ndani yako. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Kisha maswali. Mama mmoja, mama Tulia, alisimama na kuniita mwalimu wetu. Ana mzinga mtupu tangu mwaka juzi. Mzuri, mpya, upo mahali pazuri. Nyuki wanapita juu yake kila siku, hawaingii. Afanyeje?

Nikafikiri kwa makini. Nikamjibu asubiri.

Akauliza mpaka lini. Nikasema jambo la namna hiyo halilazimishwi. Mama Tulia akageukia wenzake akasema kwa Kinyakyusa jambo lililowafanya wacheke mpaka hema likatikisika. Ikupa akachukua kipaza sauti na kueleza kwamba mzinga hupakwa nta ndani ili wapitao wajue wanakaribishwa. Bila harufu, nyuki atajuaje? Akapigiwa makofi mengi kuliko mimi. Nikamwomba anitafsirie maneno ya mama Tulia. Akakataa. Akasema Siku ya Wanawake ni siku ya heshima.

Ndaga fijo, yaani asante sana za Kinyakyusa, nilizopewa zilikuwa za upole. Nimerudi na mkungu wa ndizi nisioustahili.

Jumapili, 9 Machi

Imekwisha.

Doreen alipita baada ya ibada. Aligonga mlango, si dirisha. Ningepaswa kuielewa dalili hiyo. Akanirudishia mwavuli wangu, umekaushwa na kukunjwa vizuri. Akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema amekimaliza kitabu na kimemliza.

Ni kizuri, alisema, ila ni cha huzuni. Kinaanza na vikombe viwili kwenye rafu, na watu wawili wanaoelewana bila kumaliza sentensi. Kisha kidogo kidogo wanaanza kuogopana. Wanahama kila mmoja kwake. Wanaanza kupeana heshima za mbali, samahani na tafadhali. Mwishowe ni stesheni, mvua inanyesha, mmoja anampa mwenzake mwavuli, anainama, anaondoka kama mtu ambaye hajawahi kumwona.

Mimi niliyekisoma kitabu kile zaidi ya mara moja nilimsikiliza mpaka mwisho na nikaelewa mara moja. Doreen alikuwa ameipindua hadithi kwa makusudi! Chuoni tulikuwa na mhadhara mzima juu ya jambo hili: msomaji anaisoma kazi dhidi ya nia yake, ili kumjibu aliyeiandika. Au aliyeiazimisha. Lilikuwa jibu, tena la kistaarabu kupita kiasi. Na mwavuli ulikuwa mkononi mwangu kama ushahidi.

Akauliza kama kweli ninaamini watu wakikaa pamoja huishia hivyo. Nikasema kila usomaji una uhalali wake.

Akatazama mlango wa chumba kitupu. Akauliza kwa sauti ya chini: basi aende Kiwira?

Nikasema Kiwira ina usafiri wa uhakika.

Akaondoka bila kunywa chai. Mvua ikaanza alipofika kwenye migomba. Nilikuwa nimeshika mwavuli dirishani nikimtazama analowa, na nikaona kwamba kumkimbilia na kumpa kungekuwa ni kuigiza ukurasa wa kitabu ambacho ameshakikataa. Nilijizuia. Sasa nashuku kwamba nilikosea, lakini tayari ni jioni.

Kitabu hajakirudisha. Labda amesahau. Sitamkumbusha.

Jumatano, 12 Machi

Ninaendelea vizuri. Nimefundisha tamathali za usemi kwa utulivu.

Ili kujithibitishia utulivu huo, nimekitoa chumba. Ikupa alilalamika kwamba mizinga mipya ya kikundi inalowa uani kwake akisubiri gari la kuipeleka Kisiba. Nikamwambia nina nafasi, ailete yote. Akauliza kama sikuwa na mtu wa kumpa chumba hicho, maana yeye alikuwa na mawazo yake. Nikasema sina mtu. Nilisema kwa sauti iliyonyooka, nadhani.

Mizinga imejaa mpaka dirishani. Chumba kinanukia nta. Harufu nzuri, kwa kweli. Inakaribisha. Nimefunga mlango.

Ikupa kanieleza pia, kwa masikitiko, kwamba alimfuata Doreen kazini kudai zamu yake ya kitabu. Doreen alimjibu kwamba hajamaliza, amefika penye malkia. Lakini Doreen aliniambia amemaliza! Nimelitafakari hilo jioni nzima na sikufika popote.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika polepole ili niamini.

Kipindi cha mwisho, kidato cha tatu, Doreen akasimama mlangoni mwa darasa na sare zake za kazi. Wanafunzi wote wakasimama wakamwamkia kwa pamoja, shikamoo daktari, naye akawaitikia huku akinitazama mimi. Nikatoka koridoni. Alikuwa na kitabu kifuani, amekizungushia kitambaa kama mtoto mchanga.

Unyevu wa Tukuyu, alisema. Kitabu kilikaa mkobani, mkoba ukalowa Jumapili ile alipotoka kwangu, na jana kava limeachia. Uji wa ngano umeota ukungu. Ukurasa nilioubandika ukafunguka wenyewe. Akanionyesha. Kwa herufi kubwa: SIMAMA. Huu ni mwisho wa kitabu. Kijapani husomwa kutoka kulia. Tafadhali kigeuze uanzie upande wa pili.

Basi akakigeuza.

Akasema: “Mwalimu, lebo yako uliiandika nyuma.”

Haruka alinifundisha mapema sana kusoma kutoka kulia, nikazoea, nikasahau kwamba ni jambo la kufundishwa. Nikaandika lebo mahali ambapo kila Mtanzania aliyewahi kupiga daftari kava angeiandika. Nami, msomi, nikasikiliza hadithi yangu mwenyewe ikisimuliwa kinyumenyume na nikaiita nadharia.

Doreen akasema amekisoma upya, tangu mvua hadi vikombe. Akasema ni kitabu kingine kabisa. Alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sijawahi kuiona ikielekezwa upande wangu, na nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu. Akauliza: chumba kipo?

Nikasema kipo. Ila kina mizinga.

Akauliza ina nyuki au mitupu. Nikasema mitupu. Akasema afadhali, wangekuwemo wangekuwa wapangaji wenye haki.

Kisha, dada Modesta, akauliza, hivi usingeweza kusema tu? Kwa mdomo? Nikaanza kumweleza tofauti kati ya kauli ya moja kwa moja na kauli ya kifasihi. Kengele ikalia. Kidato cha tatu kizima kilikuwa dirishani.

Jumamosi, 15 Machi

Mazungumzo na Ikupa juu ya kuitoa mizinga. Magumu.

Alisema chumba kilikuwa cha hiari na hiari hairudishwi baada ya siku tatu. Nikasema Doreen hana pa kwenda. Akasema Kiwira je? Nikasema usafiri wa Kiwira si wa uhakika. Ikupa akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema, da Mode, mimi nilikuwa nasubiri umwambie yule binti tangu Jumatatu ile niliyokuletea habari, unafikiri nilikuletea kwa nini? Watu mnakaa wawili, mnapunguza gharama, mwizi anaogopa. Sijui anajua kiasi gani. Nilimchunguza usoni. Ikupa ana uso wa Jiografia; unaona milima tu.

Masharti yake: mizinga ihamie barazani kwangu hadi gari lipatikane, na mimi nitoe mada Kisiba kila mwezi. Nimekubali. Mama Tulia ameomba somo la malkia.

Doreen aliwasili alasiri na kirikuu, kigari cha mizigo. Kitanda, godoro ndani ya nailoni, sufuria, masanduku mawili. Mzinga mmoja haukupata nafasi barazani, umebaki chini ya dirisha lake. Akasema auache tu, atauwekea taa juu. Dereva akataka kujua kama tu ndugu. Doreen akasema tunaelekea huko. Nililitafakari jibu hilo wakati wote wa kubeba godoro na nikagonga mlango mara kadhaa.

Jumapili, 16 Machi

Siku njema. Ukungu hadi saa nne, kisha jua, na Mlima Rungwe ukaonekana mzima.

Asubuhi nilimkuta jikoni. Alikuwa amepanga vikombe. Chake na changu, kwenye rafu moja, mikono imeelekea upande mmoja. Alisimama pembeni kama mtu aliyefungua kitabu na kukishikilia ili mwenzake asome.

Kisha akasema, taratibu, kwamba leo hayuko zamu, hana haraka, na nimuulize chochote ninachotaka kumuuliza. Chochote, Modesta. Bila mwalimu, bila dada. Atanijibu.

Nilivuta pumzi. Sentensi ilikuwepo. Kiima kilikuwepo, kiarifu kilikuwepo.

Nikamuuliza kama anatumia sukari.

Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Akasema vijiko viwili. Akafuta machozi, akanigusa mkono, akauacha mkono wake hapo muda mrefu kuliko unavyohitajika kumtuliza mgonjwa. Akasema atasubiri, mzinga umeshapakwa nta.

Nimetumia alasiri yote kutafakari maana ya kauli hiyo. Inaweza kuwa na maana moja dhahiri. Lakini dhahiri ndiyo iliyonidanganya wiki iliyopita. Au isiyo dhahiri ndiyo iliyonidanganya. Vyovyote, nimejifunza somo na ninaliandika hapa ili nisilisahau: kosa lilikuwa gundi. Uji wa ngano hauwezi hali ya hewa ya Rungwe.

Nimetoa juzuu ya pili kwenye boksi. Ndani yake mwoka mikate anasema neno lenyewe, kwa mdomo, ukurasa mzima. Nitamwachia Doreen juu ya mzinga wake. Nimeipiga kava zuri kuliko la kwanza, na nimeandika mbele, pale mbele panapojulikana na kila mtu: UFUGAJI BORA WA KUKU. Ikupa, akipita uani, amenichungulia dirishani na kuniambia kwamba kikundi kinafikiria kuongeza mradi.

Safari hii nimetumia gundi ya dukani. Ukurasa ule wenye maandishi makubwa nimeubandika kingo zote nne. Hautabanduka hata kwa masika.